Bibi Anamwita Mama Yangu Mlangoni

Bibi yangu alisimama mlangoni akamwita mama yangu kwa nguvu zote, na mama yangu alikuwa hapo hapo, amemshika mkono.

"Zita! We Zita! Rudi nyumbani!"

"Mama, ni mimi hapa," mama akasema.

Bibi akamwangalia kwa adabu, kama mgeni. "Dada, nisaidie kumwita mwanangu. Jua limezama."

Wadau, msicheke. Hii ni kwetu Kibimba, Ngara, na chanzo chake ni shairi la mtihani.

Mwaka jana nilikuwa kidato cha nne. Nyumbani tunaongea Kihangaza, Kiswahili ni cha shuleni, na mashairi yalikuwa yananipiga chenga vibaya. Kulikuwa na moja la mtu mzima anayekumbuka utoto wake wa kucheza bondeni:

Niite, mama, niite, jua limekwishazama,
Nirudi kwetu niote, moto wa jikoni, mama.

Mwalimu Theonest akatupa mbinu. "Shairi likikushinda, mweleze mtu wa nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Akielewa, na wewe umeelewa."

Nimweleze nani sasa? Mama yuko shambani. Mdogo wangu Derick akiniona na kitabu anatoka mbio. Akabaki bibi, anachambua maharage kwenye ungo wake, hana pa kukimbilia.

Kumbukumbu zilikuwa zimeshaanza kumtoka, ila mama alikuwa bado anamjua.

Basi kila jioni nikawa namwambia lile shairi kwa Kihangaza. Na kama lilivyoandikwa, nikasema "mimi". Mama, niite. Niko bondeni. Nataka kurudi nyumbani.

Bibi hakuwa na habari na mshairi. Alisikia mtoto anayelia bondeni.

Wiki haikuisha, akaweka ungo chini, akaenda mlangoni akaanza kuita. Kuanzia jioni ile mama yangu akawa "dada".

Nikaficha kitabu. Wapi! Nikamwambia, "Bibi, ni mambo ya mtihani tu yale."

"Mtihani gani unamwacha mtoto nje?"



Kila jua likizama anaita, sauti inakauka, chakula hagusi. Mama anaenda kulia jikoni, akitoka anasingizia moshi. Na mimi nafanya nini? Nimesimama tu. Iliniuma, asikwambie mtu.

Jirani yetu, mama Tecla, akachoka kusikiliza. "Zita, kwani ukiitika huko huko bondeni unapungukiwa nini?"

Kesho yake mama akavua ndala, akashuka kwenye migomba ya bondeni, akajificha. Bibi alipoita, mama akaitika kwa sauti nyembamba, ya kitoto kabisa. Halafu akapandisha mbio, peku, mwanamke mwenye watoto wanne!

Kwenye giza lile bibi hakuuona uso. Akamdaka, akamchapa na ncha ya kanga. "Ulikuwa wapi saa zote hizi? Unataka nife?"

"Nisamehe, mama."

Bibi akamkalisha kwenye moto, akamsugua miguu. Mama anacheka, machozi yanamtoka.

Ikawa ndiyo kazi ya kila jioni. Kukipambazuka mama ni "dada". Jua likizama, mama ni Zita. Nadhani mama alikuwa anaishi kwa ajili ya ile saa moja.

Mtihani ukafika. Nikafungua karatasi, natafuta shairi langu.

Halikutoka.

Aisee, nilichoka. Nikajibu mengine hivyo hivyo, nikarudi nyumbani na hasira zangu.

Jioni ile manyunyu yanapiga. Mama ameshashuka kwenye migomba. Ndani, bibi amekaa kwenye moto, kimya.

"Bibi, huiti leo?"

"Nimwite nani?"

"Zita."

Akafikiri kweli kweli, masikini. "Simjui huyo."

Nikatoka mlangoni. Mvua imeongezeka, giza limeingia, na mama yuko kule chini, peku, anangoja kuitwa.

"Hajaita?" akauliza kutoka gizani.

"Bado," nikasema.

"Labda hajaona kama jua limezama," akasema. "Ngoja kidogo."

Tukangoja. Mvua ikaloanisha kila kitu. Mwisho nikaita mimi, sauti inakatika: "Mama! Rudi nyumbani!"

Akaitika kwa sauti yake ya utu uzima, akapanda taratibu.

Ndugu yangu unayesoma hapa, kama mama yako bado anakuita, hata kama ni kwa kelele, hata kama ni kukutuma chumvi, itika. Usisubiri aite mara ya pili.