Kabati Nililoliacha Bila Mafuta

Kwetu Kibombo, mwaka mmoja mpunga uliiva mapema na ndege wakaja wengi kupita kiasi, basi mama akaniondoa shuleni. Hapo nilikuwa nimesoma miezi, si miaka. Akanipandisha kwenye kichanja katikati ya shamba, akanipa debe tupu na fimbo, akasema piga. Nikapiga. Nilipiga mpaka mavuno yakaisha, na yalipoisha niliendelea kulisikia lile debe nikila, nikiongea na watu, nikiwa nimelala. Watu wanadhani sauti inayomfuata mtu lazima iwe ya maiti. Hapana. Hata debe linaweza kukufuata.

Shuleni sikurudi. Mjomba alinileta Kindu kwa treni, akanitia kwa fundi wa mbao karibu na gare, stesheni ya treni, mzee mwenye vidole saba. Jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa randa wala msumeno, lilikuwa mafuta. Kindu mchwa wanakula nyumba, wenye nyumba wakiwa ndani. Kwa hiyo tulichukua mafuta machafu yanayomwagwa na mashini za treni, meusi, yenye kunuka vibaya, na kila kabati na kila kitanda tulikipaka miguuni na mgongoni kabla ya kukisogeza ukutani. "Usipopaka hujamaliza," alikuwa akisema. Alikufa zamani. Alipenda samaki wa kuchoma kuliko wake zake wote wawili, nao walijua, lakini hiyo ni habari nyingine.

Nilipokuwa fundi kamili, na mke na watoto wawili, ndipo mzee mmoja muuza vitambaa aliponiita. Duka lake lilikuwa kwenye njia ya kuteremkia bandarini. Sisi tulimwita Mgiriki, kwa sababu kila Mzungu muuza vitambaa kwetu alikuwa Mgiriki. Siku ile akaniambia, bila kukasirika, kwamba yeye ni Myahudi, na kwamba nyuma ya depo yake, ghala la vitambaa, kuna chumba cha sala, sinagogi yao, nacho kinataka mabenchi matatu na kabati.

"Kabati ya kuweka nini, Papa?" nikamuuliza.

"Torati. Iko moja tu hapa, fundi. Hii njo mukubwa wetu sisi wote."

Akanionyesha. Gombo la ngozi, refu, limeviringishwa kwenye miti miwili, limevalishwa mahameli nyekundu iliyopauka. Alilishika kifuani kwa mikono miwili. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya Waislamu. Niliitazama mikono yangu yenye gundi, nikaificha nyuma.

Kabati nikalitengeneza vizuri, milango inafunga bila sauti. Akataka lisimame kwenye ukuta wa upande wa mji wao mtakatifu. Ukuta ule ulikuwa wa matofali mabichi, mvua ikinyesha unakunywa maji. Chupa ya mafuta nilikuwa nayo. Niliifungua, harufu ikajaa chumba kizima, nikaifunga. Nilisema moyoni, kitu cha Mungu hakipakwi uchafu wa treni. Nikalisogeza kabati ukutani vile vile, na sikumwambia mtu. Yeye aliamini nimefanya kama wanavyofanya mafundi wote wa Kindu.

Wayahudi wa Kindu hawakuwa na kiongozi wa dini. Mzee mwenyewe ndiye aliyefundisha watoto wao, Jumatano baada ya shule na Jumapili asubuhi. Walikuwa watatu: binti wawili wa muuza misumari, na mtoto wa kiume ambaye baba yake alikuwa na malori kule Kampene, akamwacha kwa mzee ili asome mjini. Wote walikuwa wa miaka kumi na miwili hivi, umri ule ambao miguu inakua mbele ya akili. Nilipita mara nyingi, mwanzoni kwa sababu benchi moja lilikuwa linalia, baadaye, niseme ukweli, kwa sababu nilipenda kukaa nyuma na kusikiliza. Walisoma kutoka kuume kwenda kushoto. Mzee aliwapa kijiti cha fedha chenye mkono mdogo nchani, maana ile ngozi haiguswi na kidole.

Mtoto wa Kampene alikuwa mzito. Binti mkubwa hakumhurumia.

"Unasoma kama mbuzi anakula shati," akamwambia siku moja.

"Na wewe unaongea kama nani? Mama ya mbuzi?"

"Batoto," mzee akasema, "mbuzi watoke, Torati ibaki."

Jambo lao liko hivi. Mtoto wa kiume akitimiza miaka kumi na mitatu, anaitwa mbele ya wanaume kumi na kusoma kwa sauti, kutoka kwenye gombo lenyewe, si kitabu cha karatasi. Sehemu aliyopangiwa yule mtoto ilikuwa habari ya mafundi, jinsi mbao za hema ya Mungu zinavyokatwa na kuunganishwa. Mzee alinieleza akicheka, akasema hii ni yako, fundi, usikie vizuri. Nikasikia vizuri.

Mwaka ule ule serikali ikatangaza kwamba maduka ya wageni yatapewa wananchi. Akaja mwananchi mmoja na suti yake ya kola iliyofungwa, akapewa duka, vitambaa, depo, hata kiti cha mzee. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Papa, kile chumba cha nyuma ubaki nacho mpaka mutoto wako asome." Wayahudi wengine walikuwa wanafunga mizigo. Mzee hakutaka tena kitu kingine. Alitaka yule mtoto asome hapa, mbele ya wanaume kumi, kabla hawajatawanyika, maana baada ya hapo hao kumi hawangepatikana tena.

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika. Wiki chache kabla ya siku yenyewe nilikuja kukaza benchi. Watoto walikuwa wanasoma. Ubavuni mwa kabati, chini, nikaona mstari wa udongo, mwembamba, kama kidole cha mtoto. Nilijua ni nini. Kila mtu wa Kindu anajua. Lakini mtoto wa Kampene kwa mara ya kwanza alikuwa anasoma bila kukwama, mzee amefumba macho, na mimi nikaona haya kuikata ile sauti. Nikafuta ule udongo kwa kiganja, nikafuta kiganja kwenye suruali, nikatoka. Nilisema kesho nitarudi na mafuta. Kesho yake nikapata kazi ya milango Alunguli, ng'ambo ya mto, na nikakaa huko mpaka karibu na siku yenyewe.

Wanaume walifika, wengine kwa malori kutoka Kampene, wengine kwa treni. Kumi kamili, mzee akiwemo. Siku moja kabla, mchana, mzee alifungua kabati ili mtoto azoee gombo lenyewe. Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta viti. Alipolinyanyua, lile gombo lilikuwa jepesi. Niliona usoni mwake kwamba ameuhisi ule wepesi kabla hajaona lolote. Kisha mahameli ikamwaga udongo sakafuni.

Walilifungua juu ya meza. Mchwa walikuwa wameingia kwa nyuma na kupita katikati, wakaacha mashimo yenye kingo laini, safu baada ya safu. Hakuna aliyelia. Binti mkubwa alianza kumfukuza mchwa mmoja kwa kile kijiti cha fedha, kisha akakiweka chini.

Mtoto akauliza, "Nisome kwa kitabu, basi?"

"Kitabu ni ya kujifunza," mzee akasema.

"Lakini pahali pangu hawakukula pote."

"Ikiharibika pahali pamoja, imeharibika yote. Haisomwi tena."

Gombo lingine lilikuwa kusini, siku nyingi kwa treni, na hao wanaume hawakuwa na siku nyingi. Basi mtoto hakusoma. Aliketi kwenye benchi langu, midomo yake inaenda bila sauti, anasoma kitu ambacho hakipo tena.

Kwao Torati iliyoharibika haichomwi wala haitupwi. Inazikwa. Mzee akaniomba sanduku. Nikalitengeneza kesho yake asubuhi, na hilo, Mungu anisamehe, nililipaka mafuta. Wakalibeba watoto watatu mpaka kona ya makaburi ya Wazungu, wanaume nyuma yao, na Kindu yote ikaona sanduku dogo likipita. Kijana wa chama, mwenye beji kifuani, akatusimamisha.

"Mumepoteza mutoto wa nani, bila kuripoti?"

"Si mutoto, citoyen. Ni kitabu," nikasema; citoyen, yaani mwananchi, ndivyo ilivyotupasa kuitana siku zile. "Mimi njo nilipiga misumari."

"Kitabu kinazikwa? Kilikuwa na malaria?"

Watu wakacheka. Akalinyanyua upande mmoja, akapima uzito, akaacha kucheka, akatupisha.

Tuliporudi, mama za jirani walikuwa wameshaingia katika chumba cha sala na mikeka yao. Walikuwa wamekuja kwenye kilio. Hakuna aliyewaambia kitu, wao waliona sanduku, wakaja, kama inavyopasa. Mama mmoja alishika mkono wa mzee.

"Pole, Papa. Alikuwa na miaka ngapi?"

"Mingi, mama," mzee akajibu. "Kunipita mimi."

Mama akatikisa kichwa, akalia vile vile. Mzee akaketi nao chini, mbele ya kabati lililo wazi. Mtoto wa Kampene alikuwa mlangoni na baba yake, lori linanguruma nje. Hakumuaga mwalimu wake. Alimtazama tu, kisha wakaondoka.

Nikakaa karibu na mzee. Hakunitazama.

"Fundi. Mgongo wa kabati ulipaka?"

"Hapana, Papa."

"Hukuwa na mafuta?"

"Nilikuwa nayo. Niliogopa kuchafua kitu ya Mungu."

Sikuongeza habari ya ule mstari wa udongo. Nilitaka kuongeza. Mama za jirani walikuwa wanaimba polepole, naye akawa analainisha ukingo wa mkeka kwa kiganja, kama mtu anayesubiri neno lingine litoke. Akasimama, akavaa viatu vyake mlangoni, akapita ndani ya depo, akapita mbele ya duka ambalo halikuwa lake, akashika njia ya gare bila mfuko wala kofia. Wale mama walidhani ametoka kupunga upepo, wakamsubiri mpaka jioni. Hakurudi.