Risasi Mbili Mfukoni mwa Suruali

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kuanzia miguuni. Maji ya mbugani yalikuwa yamenifika magotini, baridi ya asubuhi ya kiangazi, na ukungu ulikuwa umelala chini kiasi kwamba milima ya Udzungwa ilionekana haina mizizi, inaelea tu. Sheshe, wale swala wa mbugani, walikuwa wakitokeza na kupotea mbele yetu, kama vile kuna mtu anawawaza halafu anawasahau. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Begani nilibeba bunduki niliyoichagua mwenyewe, na nilidhani kuchagua kumekwisha.

Juzi ulinipigia simu kutoka Mlimba, kisha ukanitumia picha. Risasi mbili zimesimama juu ya kitambaa cha meza, zote za namba ileile ya unene, 375. Moja ni ndefu, ile ya zamani, yenye mkanda mdogo kwenye kitako chake. Nyingine ni mpya, fupi na nene. Ukaniambia kambi yenu ya uwindaji imekuruhusu uchague bunduki utakayotembea nayo ukijifunza kazi, na kwamba wiki nzima hulali vizuri, unasoma majedwali ya kasi na nguvu kwenye simu. "Baba Mkubwa, ipi kati ya hizi?" Nikakujibu nitafikiri. Nisamehe, Editha. Sikuwa nikifikiri. Nilikuwa nimesharudi majini.

Kambi niliyoanzia kazi ilikuwa ng'ambo ya mto, enzi ambazo kutoka Ifakara tulivuka kwa pantoni, na safari ilianza kwa kusubiri. Mkuu wa wafuatilia nyayo alikuwa Mzee Kasiani, Mndamba mwembamba, mpole, mwenye kikohozi alichokitumia badala ya maneno. Akikohoa mara moja, simama. Akikohoa mara mbili, umesema upuuzi. Yeye ndiye aliyenifungulia sanduku la bunduki msimu ule. Ndani mlikuwa na mbili za nyati. Moja 375, imechakaa rangi, mbao yake imelainishwa na mashavu ya watu. Nyingine 404, karibu mpya.

"Chagua," akasema. "Ukishachagua, hiyo ni mke wako mpaka mvua."

Nilichukua risasi moja ya kila aina nikazitia mfukoni mwa suruali. Wiki nzima nilitembea nazo. Zikigongana, nilikuwa nasikia raha ambayo mpaka leo siwezi kuieleza vizuri. Jioni nilizipanga juu ya sanduku nikazitazama zinavyong'aa. Tofauti ya unene wa vichwa vyake, mwanangu, haizidi unene wa ukucha wako. Ya 404 ni nzito zaidi, ya 375 inakwenda kasi zaidi. Wanaume waliojua kazi waliua nyati kwa hii na kwa ile, na nyati walikufa vilevile. Lakini mimi ule unene wa ukucha niliujengea nyumba nikahamia ndani. Nilijiona narudi Ifakara, vijana wenzangu pale stendi wananong'onezana: yule anatembea na 404.

Nikaichagua. Mzee Kasiani akakohoa mara mbili.

"Risasi zake ziko ngapi kwenye sanduku?" akaniuliza.

"Chache, Mzee. Ndiyo maana nitazitunza."

"Utazitunza," akarudia, akaenda zake kuchemsha chai.

Kosa langu lenyewe ndilo hilo, na sisi wa bondeni tulizoea kulifanya, maana tulikulia kwenye uhaba. Kitu kizuri kikiwa kichache tunakificha. Tuna vikombe vya kabatini visivyowahi kuonja chai. Mimi nilizitunza risasi za 404 kama vikombe vya mama yangu. Za 375 zilikuwa tele, wenzangu walipiga shabaha kila Jumamosi kwenye kichuguu. Mimi niliketi pembeni nikifuta bunduki yangu kwa kitambaa. Nilikuwa nimeipiga mara mbili tu, na mara zote mbili teke lake lilinipiga bega hadi machozi yakanilenga. Sikumwambia mtu. Mwili wangu, hata hivyo, ulikuwa umeshasikia.

Basi asubuhi hiyo ya ukungu tukamkuta dume mmoja pembezoni mwa matete. Alikuwa amegeuka upande, mweusi, anapumua mvuke, mkubwa kama kitu cha ndotoni. Tulikuwa na kibali cha nyati mmoja wa nyama ya kambi, na zamu ilikuwa yangu. Nikainua bunduki. Nakuambia kweli yote: kabla sijavuta triga, macho yangu yalifumba yenyewe na bega langu likaanza kukimbia teke ambalo halijaja. Mlio ukaondoka. Nilipofumbua, nyati alikuwa amejikunja mgongo, kisha matete yakafunguka, yakafungwa, na mbuga ikanyamaza kama vile hakuna aliyewahi kusimama pale.

Mzee Kasiani alikwenda akachuchumaa, akagusa majani, akanusa vidole. Damu ilikuwa nyeusi, imechanganyika na majani yaliyotafunwa.

"Umempiga wapi?"

"Nyuma ya bega, Mzee."

Hakukohoa hata kidogo, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Wawindaji wa kule walikuwa na desturi, sijui kama ninyi bado mnayo. Aliyemjeruhi nyati hatumi mtu. Anaiacha bunduki kwa mwenzake, anavua viatu, anakwenda mwenyewe mpaka kambi ya watu iliyo karibu, anasema kwa kinywa chake: nimeacha ugonjwa kwenye majani, kisha anataja alipomwacha mnyama na alipompiga mwilini. Asiposema, na mtu akafa, kifo hicho ni chake. Kambi ya karibu ilikuwa ya wavuvi, kwenye kisiwa cha mchanga. Tulivuka kwa mtumbwi, mimi miguu mitupu, Mzee akipiga kasia nyuma yangu, bunduki yangu miguuni pake. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno yatakayoniacha bado mwanaume.

Mkubwa wa kambi alikuwa mama mmoja mnene, Mama Veronika, anakausha kambale juu ya uchanja huku moshi ukimzunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Eh, miguu mitupu! Umeacha nini huko, baba?"

"Nyati, mama. Nimemjeruhi."

"Wapi?"

"Pale kwenye matete ya kona."

"Sijauliza matete. Nauliza mwilini."

"Nyuma ya bega."

"Nyuma kiasi gani? Mkiani?" Wavuvi wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mwacheni, mwenzenu ana 404, hiyo inaua hata kivuli."

Nilicheka nao, mwanangu. Nilitamani kicheko kiishie hapo na mimi nirudi. Nikamtazama Mzee Kasiani aniokoe, naye alikuwa akitazama maji yanavyopita chini ya mtumbwi, taratibu, kama mtu ambaye ana siku nzima. Angeweza kusema. Alijua. Lakini aliyetakiwa kusema alikuwa mimi.

"Tumboni," nikasema. "Nilifumba macho. Nimempiga tumboni."

Kicheko kikakatika. Mama Veronika aliweka samaki chini.

"Wa tumboni huwa na kiu," akasema. "Wa begani angelala hukohuko alikoingia. Huyu atakwenda majini." Akageukia mkondo wa nyuma wa kisiwa, akashika kichwa. "Anzelma! Jamani, Anzelma na wenzake wamekwenda kukata majani ya mikeka kule bwawani!"

Anzelma alikuwa binti yake. Walikuwa wanawake watatu, na mmoja alikuwa na mtoto mgongoni.

Hapo ndipo wakati uligeuka maji, ukawa hauna mbele wala nyuma. Nakumbuka mitumbwi minne ikiteleza pamoja, kasia zinaingia na kutoka bila sauti, ukungu unapasuka mbele ya pua zetu na kujishona nyuma. Nakumbuka Mama Veronika akiita jina la binti yake, sauti ndefu, ikienda juu ya maji na kurudi peke yake. Nakumbuka yungiyungi zimefunguka, nyeupe kabisa, hazijui lolote. Halafu sauti ya kike ikajibu kwa mbali, kwa uchovu wa mtu aliyekatizwa kazi: "Nini tena?"

"Ingieni kwenye mtumbwi! Sasa hivi!"

Waliingia. Yule mwenye mtoto alikuwa wa mwisho, mguu mmoja bado ukingoni, wakati matete nyuma yake yalipotikisika bila upepo.

Mzee Kasiani alikuwa ameshanirudishia bunduki. Sijui lini. Niliruka majini. Nyati akatoka ameinua pua, anakuja moja kwa moja kwenye ule mtumbwi, na mimi nilikuwa kati yake na mtumbwi, maji kiunoni. Macho yangu yalikuwa wazi. Niliona kila kitu: kupe sikioni mwake, tope juu ya pembe, na lile shimo la shingo linapokutana na kifua. Sikusikia teke. Sikusikia hata mlio. Alipiga magoti majini, na wimbi lake dogo likanifikia likanigusa tumbo.

Jioni, bega langu limevimba, niliketi karibu na Mzee Kasiani wakati wenzetu wakigawa nyama na wale wavuvi. Nilimwuliza, kwa ujinga wa mtu aliyenusurika, "Kwa hiyo 404 ni nzuri, Mzee?"

Akakohoa mara mbili.

"Mwanangu, nyati hasomi namba iliyoandikwa chini ya ganda la risasi. Asubuhi umempiga kwa 404, akaondoka zake. Baadaye umempiga kwa hiyohiyo, amelala. Kilichobadilika ni nini?"

Akaniambia Jumamosi niende kwenye kichuguu na 375, nipige mpaka bega linisahau. Nilikwenda. Kwa misimu kumi na saba niliibeba bunduki ile iliyochakaa.

Sasa nikujibu, Editha, maana umesubiri. Risasi zako mbili zina kichwa cha upana uleule na uzito uleule. Ile mpya inakwenda kasi kidogo zaidi, na kwa kuwa ni fupi, bunduki yake huwa nyepesi, inabebeka vizuri kwenye matope, lakini wepesi huohuo utaulipia kwa teke. Ile ndefu imechongoka, inaingia kwenye bunduki bila kukwama hata mkono ukitetemeka, na utaikuta kwenye maduka mengi kuliko mwenzake. Hizo ndizo tofauti zote za maana. Nyati aliyesimama mbele yako hatazihisi. Utakayezihisi ni wewe.

Kwa hiyo azima zote mbili. Usipige kwenye meza. Piga umesimama, mtutu ukiwa juu ya fito tatu zilizofungwa pamoja, halafu bila fito, halafu ukiwa umetoka kukimbia. Piga siku nyingi, si siku moja. Mwombe mwenzako akutazame usoni wakati unavuta triga, akuambie bila huruma kama macho yako yamebaki wazi. Ile ambayo ukiipiga macho yanabaki wazi, hiyo ndiyo yako, na ikitokea ni zote mbili, chukua ile ambayo risasi zake zinapatikana, ili usianze kuzitunza. Kisha uhangaikie kichwa cha risasi kuliko namba yake: kipi ni laini kinachofunguka kama ua ndani ya nyama, kipi ni kigumu kinachopenya mpaka mfupa wa ndani, na kipi umekitanguliza kwenye bunduki siku hiyo. Watu wengi wamegombana juu ya namba wakaenda porini na vichwa visivyofaa.

Na siku utakayokosea, kwa kuwa itakuja, sema umempiga wapi. Sema upesi, kwa kila aliye kwenye majani yale, hata wakicheka. Anzelma ana wajukuu sasa. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mwenzake ni mwalimu huko Idete, na akiniona ananiamkia kwa heshima ambayo najua sikuistahili mpaka nilipofungua kinywa kisiwani pale.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe bega tulivu na jicho lisilojificha. Majani yafunguke mbele yako kabla hayajafunguka mbele ya mnyama. Wale unaowaongoza warudi wote, ukiwahesabu watimie, na kila jioni ukae kwenye moto wa kambi ukiwa huna neno lolote ulilolificha.