Keris Iliyonyooka

Mama yangu ndiye aliyeripoti, nami nilikasirika naye wiki nzima. Anatunza wazee majumbani kwao huko Hounslow, na mmoja wao ni bibi mjane wa Kimalei. Siku moja, akibadilisha mashuka, alikuta jambia chini ya mto. Kanuni ya kazi inasema silaha ikionekana iripotiwe, naye akapiga simu. Meneja wa kampuni yake akaja, akalichukua, akasema litapelekwa polisi likaharibiwe.

"Ulitaka nifanyeje?" Mama aliniuliza, hata koti hajavua. "Nifukuzwe kazi kwa kisu cha watu, halafu tule hayo maswali yako?"

Bibi mwenyewe hakulalamika sana. Alimwambia Mama kuwa lilikuwa la mumewe, na kwamba tangu amzike hajawahi kulala mbali nalo. Mimi siamini kama chuma kina roho. Lakini siamini pia kwamba meneja ana haki ya kuingia kitandani mwa mtu. Nikaenda ofisini kwake.

Alinipokea kwa tabasamu. Alikuwa amejisomea: majambia ya Kimalei huitwa keris, ni urithi wa ukoo, na kama hii ingekuwa keris angefikiria upya. Lakini keris ina mawimbi kama nyoka anayetambaa. Akanionyesha picha kwenye simu, zote zimepinda. Hii imenyooka, basi ni kisu tu.

Nilikuwa nimeshinda maktaba ya chuo siku mbili, najua kwamba zilizopinda hugawanywa kwa idadi ya mapindo, na zilizonyooka ni kundi lao, la zamani na la heshima. Picha za simu zinapenda mawimbi kwa sababu wanunuzi wanapenda mawimbi. Nikamwomba aitoe alani. Angalia shina la bapa, nilimwambia: upande mmoja umetanuka kuliko mwingine, una kijipindo kama mkonga wa tembo, na chini yake kuna kipande cha chuma kilichofuliwa peke yake na kuunganishwa. Kisu gani cha jikoni hutengenezwa hivyo?

Aliigeuza, akapapasa kile kijipindo kwa kidole.

"Haya, ni keris," alisema. "Sasa ni silaha au ni pambo?"

Nani aliamua kwamba vitu vyote duniani ni ama hiki ama kile? Nilimuuliza hivyo hivyo. Akajibu kwamba silaha huharibiwa, pambo hurudi, mradi likae ndani ya sanduku la kioo lililofungwa ukutani. Nikasema pambo. Mpaka leo neno hilo linaniwasha kooni.

Fundi wa kampuni aliifunga keris na kioo chake kwenye ukuta wa mbali wa chumba cha kulala. Siku hiyo nilikwenda na Mama, nikamweleza bibi nilivyoshinda.

"Mume wangu hakuwa pambo," alisema, akanigeuzia mgongo.

Mama alimsaidia bibi kukaa kwenye kiti, akainama, akaanza kukisukuma kitanda. Nilimuuliza kama kanuni inaruhusu.

"Wamesema juu ya kisu," alinijibu huku akihema. "Juu ya kitanda hawajasema. Shika huko."

Nikashika. Tukakisukuma mpaka mto ukagusa ukuta, chini kabisa ya kile kioo.