Kiti Kimoja na Posa ya Shangazi

Juzi nilikwenda Mji wa Kale kununua kitambaa cha pazia, nikakuta kuta zote zimebandikwa nyuso. Nyuso za wagombea, ndugu yangu, kutoka milango ya maduka mpaka karibu na msikiti, wengine wakicheka, wengine wamekunja vipaji kana kwamba sisi ndio tuliowakosea. Gari la vipaza sauti lilikuwa limekwama kwenye mdomo wa uchochoro, haliingii wala halirudi, na kijana aliyekuwa ndani anapiga kelele kuwa huyu ndiye chaguo letu. Mie na miguu hii ya uzee sikuweza kujipenyeza, nikakaa kwenye baraza ya nyumba ya watu kungoja. Nilipoinua macho nikaona kumbe ni nyumba yetu. Madirisha yamepakwa buluu isiyo yake na chini kumefunguliwa duka la vinyago vya watalii, lakini ni ile ile. Wallahi nilikaa pale hata kitambaa nikakisahau.

Nyumba ile ilikuwa ya babu, na ilishikana ukuta mmoja na ya jirani yetu. Ghorofani, upande wa wanawake, palikuwa na mlango mdogo wa kupitia kwenda kwao, mlango ambao sikuwahi kuuona umefungwa. Nyanya akipungukiwa na nazi alipita pale. Mke wa jirani akikaanga mahamri, harufu ya iliki ilitufikia kabla yake, kisha akatokea mwenyewe na sahani, akaketi, na wakazungumza mpaka adhana ya adhuhuri iwafukuze kila mmoja jikoni kwake. Sisi watoto tulilala huku tukaamkia kule, na mtu akituuliza nyumba yetu ni ipi tulionyesha zote mbili. Sijui leo kama yupo mtu wa kufungua ukuta wake kwa jirani namna hiyo. Siku hizi tunafunga vyuma hata kwenye madirisha ya choo.

Babu alikuwa na duka dogo la ubani na udi karibu na Marikiti. Mali nyingi hakuwa nayo, lakini alikuwa na maneno. Mtu aliingia dukani na kisirani chake akatoka anacheka. Jirani, yeye alikuwa na majumba na mashamba, ila ulimi wake ulikuwa mzito, na kila alipotakiwa kusema mbele ya watu alikohoa kwanza mpaka watu wakasahau walikuwa wakingoja nini. Wawili hawa walikuwa wakikaa baraza moja tangu ujana wao, mmoja akisema na mwengine akiitikia kwa kichwa.

Na alikuwepo shangazi, kitinda mimba wa babu, msichana wa kucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Wakati ule alikuwa kutwa akishona foronya, na kila mtu nyumbani alijua ni za nini ingawa hakuna aliyesema. Kijana wa jirani alikuwa karani bandarini Kilindini. Jioni akirudi kazini alikuwa akiamkia pale mlangoni kwetu kwa sauti kubwa isiyokuwa na sababu, maana babu alikuwa hatua chache tu mbele yake. Sauti ile ilikuwa inapanda ngazi. Shangazi alikuwa akiinamia sindano yake, na nyanya akijifanya anatafuta kitu chini ya kitanda.

Sasa, ukitaka kuelewa yaliyotupata, lazima nikueleze serikali ya wakoloni ilivyotupanga. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha, sukari bado ya kugawiwa. Waarabu wa pwani walipewa kiti kimoja cha kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria huko Nairobi, na waliohesabiwa Waarabu, wanaume watupu, ndio waliokipigia kura. Jirani yetu alihesabiwa Mwarabu. Babu yangu alihesabiwa Mswahili, na Mswahili hakuwa na kura. Haya, walisali safu moja, walisema Kimvita kile kile, na bibi mzaa baba wa huyo jirani alikuwa mtu wa kwetu khasa. Lakini mmoja aliitwa mpiga kura na mwengine akaitwa mwenyeji, kwa sababu mzungu fulani alikaa akaamua hivyo. Hilo lilimkera babu kuliko njaa. Nyanya alikuwa akimtania kwamba wanaume wa kule wana kura, wa huku hawana, na wanawake wa pande zote mbili hawana, basi waacheni wanawake wapike.

Jirani alipoamua kukigombea kiti kile, mtu wa kwanza kumwambia alikuwa babu, kwani alihitaji ulimi wa kuazima. Na siku hiyo hiyo, baada ya alasiri, akaja na ndugu zake na sheikh mmoja kumposea kijana wake. Wanawake tulikuwa nyuma ya pazia, mimi nimekaa mapajani mwa mke wa jirani, nanusa asumini za nywele zake. Yalizungumzwa ya posa, yakakubaliwa. Kisha babu akaingiza lake. Alisema yeye atamsaidia ndugu yake mpaka kiti kipatikane, na ndugu yake akishakaa kule naye atutetee, Waswahili nasi tupewe kura. Jirani akakohoa, akasema insha Allah tutayatazama. Sheikh akasema haya, tuwasomee vijana wetu Fatiha. Mikono ikainuliwa, Fatiha ikasomwa, tukapiga vigelegele.

Kwetu sisi jambo likishasomewa Fatiha limefungwa. Hakuna kutia saini, wala mtu haulizi tena, maana kuuliza ni kumwambia mwenzako humwamini. Babu aliishusha mikono yake akiamini kuwa yamefungwa mambo mawili. Jirani aliishusha yake akiamini limefungwa moja. Wote wawili walikuwa waungwana mno kuweza kuulizana.

Basi miezi ile nyumba haikutulia. Kila alasiri babu alivaa kanzu iliyopigwa pasi akatoka na jirani, nyumba kwa nyumba, jirani akitoa salamu na babu akitoa maneno. Wageni walikuja barazani kwetu kunywa kahawa na kula halua, na sukari yetu yote ya mgao ikaishia kwenye halua hiyo. Sisi watoto tulikunywa chai bila sukari kwa ajili ya Baraza la Kutunga Sheria. Nyanya alinung'unika huku anakoroga, lakini alikoroga kwa moyo, kwa sababu aliona yote hayo ni sherehe moja na ya bintiye. Watu wa mpinzani walikuwa wakipita wakisema jirani ameshikwa na Waswahili, kwamba akipata yeye, kiti kitaondoka mikononi mwa wenyewe. Babu alikuwa akicheka tu.

Siku ya kupiga kura babu alimsindikiza jirani mpaka mlangoni pa jumba lililopigiwa. Wengine wakaingia, yeye akasimama nje juani na kofia yake ya viua, akiwaamkia wapita njia. Baba yangu ndiye aliyenisimulia hilo. Alisema babu alisimama kama mtu anayengoja watoto wake watoke chuoni.

Jirani alishinda. Lo, vigelegele vya siku ile. Shangazi alipita mlango mdogo akaenda kusaidia kupika kwa wakwe zake, na mke wa jirani akamtia asumini kichwani mbele ya watu wote.

Jirani akapanda gari moshi kwenda Nairobi, na alipokuwa huko babu aliwaambia wazee wa mtaa wangoje, maneno yao yamepata mtu wa kuyasema. Nadhani hapo ndipo alipojifunga, kwa kuwaahidi watu wengine. Jirani aliporudi ilikuwa siku ya Ijumaa, na baada ya sala alialika watu kwake kwa pilau. Sisi wanawake tulikula chumba cha pili, pazia katikati. Babu alimwacha ashibe kwanza. Kisha akamuuliza kwa upole lile jambo letu limepokewaje.

Jirani akakohoa. Akaeleza kuwa wakati haukuwa mzuri, kuwa waliomchagua walimuonya, kwamba Waswahili ni wengi na wakipewa kura kiti kitawatoka. Kwa kifupi, hakulisema kabisa.

"Lakini tulisoma Fatiha," babu akasema.

"Ndugu yangu, ile Fatiha ilikuwa ya vijana. Ya Nairobi hatukuyasomea."

Kule chumbani mikono yetu yote ilikuwa imesimama juu ya sinia.

"Mimi mikono niliinua mara moja," babu alisema. "Kama Fatiha imevunjika nusu, basi imevunjika yote."

Akanawa, akaaga kwa adabu zote, akaenda zake. Asubuhi yake pete, nguo za posa na chupa ya marashi vilirudishwa kwa mlango wa mbele, mlango wa wageni.

Nyanya alipambana naye, usidhani alinyamaza. Alimwambia kuwa sheikh alitaja vijana, hakutaja kura, na jirani hakuahidi ila kutazama. Babu akamjibu kwamba yeye hakuwepo pale barazani. Nyanya akasema masikio yake yalikuwepo. Ndiyo mara pekee niliyowasikia wakipandishiana sauti, na ingekuwa mambo yanakwenda kwa aliyesikia vizuri, nyanya angeshinda. Lakini babu alikuwa ameshawaambia wazee wa mtaa, na wazee walikuwa wakimtazama waone mtu aliyechezewa hivyo atafanya nini. Alimpenda bintiye, hilo nina hakika nalo. Aibu ilimzidi nguvu.

Kijana wa bandarini alikuja mara mbili kuzungumza na babu, akapewa kahawa na hakupewa jibu. Alimwendea baba yake pia, amwombe radhi babu kidogo tu, baba yake akasema hana kosa la kuombea radhi. Na kweli kila mmoja, ukimsikiliza peke yake, hakuwa na kosa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku chache baadaye akaja fundi na mawe na chokaa, mlango mdogo ukazibwa. Nyanya na mke wa jirani walikuwa wamekatazwa kutembeleana, basi wakazoea kukohoa. Asubuhi mmoja alikohoa upande wake, mwenziwe akajibu, kila mtu akajua mwenziwe kaamka salama. Tulikuwa tukiwacheka, sisi watoto wajinga. Mahamri ya upande wa pili tuliendelea kuyanusa na hatukuyala tena.

Shangazi hakulia mbele ya watu. Foronya alizikunja akazitia sandukuni, na mwaka uliofuata akaozwa mgane mmoja wa Malindi, mtu mzima, mpole, aliyekuwa akimwita "mama" hata kabla hajapata mtoto. Hawakupata. Kijana wa jirani naye akaoa binti wa ami yake, akahamia Kizingo, na nikimkuta njiani alikuwa akiniuliza habari za nyumbani mtu mmoja mmoja, akiruka jina moja.

Na kura yenyewe ilikuja. Haikupita miaka mingi serikali ikageuza maneno yake, Waswahili wa mji wakaruhusiwa kupigia kiti kile kile, na si babu wala jirani aliyekuwa na mkono katika jambo hilo. Babu alivaa kanzu akaenda, akarudi mapema, akavua viatu akaketi. Nyanya akamuuliza kulikuwaje. Akasema ni kikaratasi tu. Alisema hivyo akaomba maji, na siku nzima hakutoka tena.

Wote wamekwenda sasa. Jirani alilibeba jeneza la babu begani kutoka nyumbani hadi makaburini, hakukubali kupokelewa, na huo ndio upatanisho wao. Kiti cha Waarabu kimefutwa, wanaokikumbuka sijui tumebaki wangapi. Vijana wa leo nikiwaambia kwamba kwa ajili yake nyumba mbili zilizibiana mlango, wananiuliza kiti gani hicho, na mie nashindwa kuwaeleza.

Shangazi alirudi kwetu baada ya mumewe kufariki, nasi tumeshahamia Ganjoni. Tangu uhuru kila uchaguzi alikuwa na udhuru: magoti, mvua, kichwa. Mumewe alipiga kura, yeye akabaki nyumbani kumpikia. Mwaka mmoja, uzee umeshamwinamisha, nilimshikilia mpaka akakubali, nikampeleka kwenye shule iliyo karibu. Vijana wakampisha mbele ya foleni. Macho yalikuwa hayaoni maandishi tena, basi karani mmoja akaingia naye kumsaidia, na wakakawia huko mpaka watu wa nyuma wakaanza kuguna.

Alitoka taratibu, anaangalia kidole chake chenye wino. Nikampandisha kwenye tuk-tuk.

"Yule kijana ana adabu," akasema. "Kanisomea majina yote, kisha akaniuliza mimi mwenyewe namtaka nani."

Nikamwambia ndiyo kazi yake, shangazi, lazima aulize.

"Najua," akasema, akaurekebisha mtandio wake. "Lakini ndiyo kwanza naulizwa."