Mlango wa Buluu Ukutani

Juzi, kwenye ofisi ya tiketi za ndege mtaani Al Nahda, niliiona tena ile picha: mji wa nyumba nyeupe kando ya bahari ya Mediterania, ngome kilimani, mnara, na mlango mmoja wa buluu. Nikavuta kiti nikasema nataka kwenda pale pale.

Nilipokuwa mdogo, picha kama hiyo ilibandikwa ukutani sebuleni kwetu, mtaa wa Al Twar, chini ya kiyoyozi kilichonguruma mchana kutwa. Nilizaliwa hapa Dubai, Unguja walikotoka wazee wangu nilikuwa sijapata kuiona, na kila wakubwa waliposema "kwetu" nilijua wanausema mji ule. Mnara niliudhania wa msikiti wa Bibi. Kumbe wa kanisa.

Alasiri moja, nyumba inanukia udi na samaki wa kukaanga, nilivaa viatu nikakaa mlangoni.

"Siondoki hapa mpaka tusafiri kwetu."

Mama alicheka. Bibi hakucheka. Alivaa buibui lake, akanishika mkono akanipeleka mpaka ukutani penye picha. "Haya, yalla." Kwa kidole chake tukapanda ngazi za ngome, tukateremka bandarini kula pweza, tukawaamkia majirani wote. Kwenye mlango wa buluu nikapiga hodi.

"Karibu, mjukuu wangu," Bibi akaitika, kama aliye ndani. "Mbona umechelewa?"

Juzi pale ofisini, binti wa Kimombasa aliyekuwa akinikatia tiketi aliniuliza, "Ni mara yako ya kwanza kwenda huko, madam?"

"Hapana," nilimjibu. "Nilishakwenda na bibi yangu."