Kamati ya Ulinzi na Kabati la Nsambya

Nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya ulinzi ya mtaa wetu wa Bukoto, Kampala, kwa sababu moja tu: nilijua Kiswahili. Majirani zangu wengi walikuwa Waganda, na kwao hiyo ilikuwa lugha ya kambini, lugha ya kuulizwa kitambulisho kiko wapi huku mtutu wa bunduki umekuelekea tumboni. Mimi ni Mnubi. Babu yangu alikuwa askari wa Waingereza, na nyumbani kwetu Kiswahili na Kinubi vilikaa sebule moja bila kugombana. Kwa hiyo mtaa ukaamua kwamba serikali ya wanajeshi ilikuwa ya wajomba zangu. Mimi nilikuwa fundi cherehani, mume wangu dereva wa lori la Mombasa, na katika serikali ile nzima sikumjua hata mfagiaji. Lakini kadiri nilivyokana ndivyo watu walivyozidi kuniamkia kwa heshima.

Kamati ililetwa na sajini mmoja wa polisi, mtu mzima, mpole, aliyekaa katika nyumba za polisi kule Nsambya. Alituletea filimbi nane na daftari moja, akatueleza kwamba raia na polisi sasa watakuwa kitu kimoja. Mwenyekiti tukamchagua mzee aliyestaafu kazi ya kufunga vidonda hospitali ya Mulago, mtu wa taratibu, ambaye hata filimbi aliichemsha kwanza kabla ya kuitia mdomoni. Kanuni ilikuwa nyepesi: anayeona mwizi apige filimbi, na kila atakayesikia naye apige, kisha wote tutoke na fimbo.

"Na nyinyi polisi mtakuja saa ngapi?" mzee aliuliza.

"Sisi tutakuja," sajini alisema. "Lakini kwanza angalieni viatu. Kama huyo mwizi iko na viatu ya kawaida, ama hana viatu, shikeni yeye, leteni. Kama iko na buti, rudini kwa nyumba, fungeni mlango, lale."

"Na kama anaiba?"

"Mzee, mtu wa buti haibi. Iko kazini."

Hakuna aliyecheka. Wezi wenye silaha tuliwaita kondo, na kila mtu alijua kwamba kondo wengi wa siku zile walipokea mshahara wa serikali.

Kila Ijumaa ilinibidi niandike ripoti, kwa Kiswahili, kwa sababu mkubwa mpya wa kituo hakupenda kusomewa Kiingereza. Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa na maneno mawili: "Hakuna tukio." Sajini aliirudisha.

"Mama, hii wakubwa hawapendi. Wanasema mtaa ambayo haina kitu, hiyo iko na kitu inaficha."

Basi nikaanza kuwatafutia matukio. Niliripoti mbuzi aliyeingia kanisani. Niliripoti mlevi aliyeimba kuanzia sokoni hadi kwenye magorofa, na mtu asiyefahamika aliyesimama muda mrefu mbele ya duka akitazama mahali ambapo zamani palikuwa na sukari. Wakubwa wakafurahi. Sajini alisema mtaa wetu sasa unatajwa kuwa mfano.

Mambo yakaenda hivyo miezi kadhaa, mpaka mwalimu, jirani yangu, alipofiwa na baba yake huko Masaka. Alikuwa mtu wa peke yake, mwenye nyumba nadhifu: makochi manne, kitanda cha mninga, redio, na kioo kirefu cha marehemu mkewe. Kabla ya kuondoka alimkabidhi mwenyekiti ufunguo, akasema, "Namshukuru Mungu tuna kamati."

Ilikuwa siku ya tatu tangu aondoke nilipousikia mlio wa filimbi, saa nne ya asubuhi, jua likiwaka. Wezi wa wakati ule walifanya kazi saa za ofisi. Nikaziba sikio kwanza, nikitumaini ni mtoto anachezea. Kisha filimbi ya pili ikajibu, na ya tatu, na za kushoto na kulia, kanuni yote kama tulivyofundishwa. Nilitoka na futi ya kupimia shingoni.

Mbele ya nyumba ya mwalimu palisimama lori la kijani. Mzee wetu, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, aliona watu wanatoa kochi mlangoni akapiga filimbi. Miguu yao hakuiona kwa sababu kochi liliwafunika. Sasa walikuwa wameliweka chini, na buti zilionekana vizuri sana. Askari wanne. Wa tano, aliyevaa miwani ya jua, aliegemea mlango wa lori bunduki imelala mkononi. Na sisi tuliwazunguka, watu kama kumi na mmoja, tumeshika fimbo, filimbi zimeganda midomoni.

"Nani alipiga hiyo?" mwenye miwani aliuliza.

Wote walinigeukia mimi. Ni mimi niliyekuwa na wajomba.

"Ni sisi, afande," nilisema. "Kamati ya ulinzi."

"Mnalinda nini?"

Swali hili lilikuwa gumu. Fimbo ya mzee ilikuwa ikigongagonga chini kama inayotafuta njia ya kutoka.

"Tunasaidia vyombo vya usalama, afande."

"Vyombo vya usalama ndiyo sisi."

"Ndiyo maana tumekuja, afande. Tumeona mnabeba vitu vizito na nyinyi ni watano tu. Tukasema tukawasaidie kupakia."

Alinitazama kwa muda, au miwani ilinitazama. Kisha akaonyesha kochi kwa mtutu. "Haya."

Tukapakia. Siwezi kulisema jambo hili kwa namna itakayotupendeza. Kamati ya ulinzi ya mtaa wa Bukoto, iliyotajwa kuwa mfano, iliingia nyumba ya mwenzetu aliyekuwa msibani ikatoa kila kitu alichokuwa nacho. Na mazoea ni kitu cha ajabu, kwa maana tulipakia vizuri. Mzee alitaka kitanda kitangulie ndipo makochi yakae juu, akawakosoa askari kwa jinsi walivyoshika miguu ya meza. Kioo alikifunga mwenyewe kwa blanketi, fundo kwa fundo, kama alivyofunga vidonda miaka yote ile Mulago. Mlango ulikuwa umevunjwa kwa mtaimbo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mzee muda wote.

Walipomaliza, mwenye miwani alitupungia mkono. "Nyinyi raia wazuri sana," akasema, na nadhani alikuwa anasema kweli.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilirudi kwenye cherehani nikashona mkono wa gauni ndani nje, nikaufumua, nikaushona vilevile tena.

Ijumaa ikafika. Kuandika wizi sikuweza, kwa maana mtu wa buti haibi. Kuandika hakuna tukio sikuweza pia, kwa maana mtaa mzima ulipiga filimbi na mlio ulifika kituoni. Nilikaa na daftari tangu asubuhi, na mwishowe nikaandika hivi: "Wanajeshi wetu walihamisha vyombo vya mwalimu aliye msibani ili kuvihifadhi, kwa kuwa mlango wa nyumba yake umevunjika. Kamati ilishirikiana nao kikamilifu. Mwenye mali anarudi Jumapili. Anashukuru, na anaomba kujulishwa mahali pa kuvichukua."

Sajini aliisoma mara tatu akitikisa midomo.

"Mama, hii mlango ilivunjika kabla askari kufika, ama baadaye?"

"Sajini, hilo sikuliandika."

"Vizuri. Usiandike." Akaikunja akaitia mfukoni polepole.

Mwalimu alirudi Jumapili jioni na kanzu yake ya msiba. Mimi na mzee tulimngoja mlangoni, yaani mahali palipokuwa na mlango. Mzee alimweleza kila kitu, hakupunguza. Nilitaka mwalimu atutukane. Aliingia ndani, akazunguka chumba kitupu, akatoka.

"Na kile kioo?"

"Nilikifunga kwa blanketi," mzee alisema.

"Asante, mzee. Kilikuwa na ufa pembeni. Kinataka mtu mwangalifu."

Hakusema kwa kejeli. Afadhali angesema kwa kejeli. Wiki ile alikula kwangu na kulala kwake sakafuni, juu ya magunia, na kila asubuhi alikwenda kufundisha akiwa amenyoosha shati.

Alhamisi lori likarudi. Safari hii hakuna aliyepiga filimbi. Mwenye miwani alishuka ameshika karatasi, uso umekunjamana, akauliza mwalimu ni nani. Sajini ndiye aliyenieleza baadaye ilivyokuwa. Mkubwa wa kituo alifurahi mno na ripoti yangu hata akamsomea mkubwa mmoja wa kambini kwa simu, apate kujisifu kwa raia wake. Yule wa kambini hakuwa na habari ya mpango wowote wa kuhifadhi vyombo vya watu, lakini hakutaka ijulikane kwamba kuna mpango asioujua. Akasema naam, mpango uko, na vyombo vitarudishwa. Amri ikashuka ngazi kwa ngazi, kila mtu akiogopa kuuliza, mpaka ikamwangukia mwenye miwani, ambaye nusu ya vitu alikuwa ameshauza.

Walishusha kitanda. Walishusha makochi mawili kati ya manne. Redio haikuwepo, wala kioo. Badala yake walishusha kabati la nguo, kubwa, la milango miwili, ambalo hakuna mtu Bukoto aliyewahi kuliona.

"Hilo si langu, afande," mwalimu alisema.

"Lori imejaa wakati wa kwenda, lori imejaa wakati wa kurudi. Weka sahihi."

Akaweka sahihi.

Ufunguo wa kabati ulikuwa umefungwa kwa uzi kwenye kishikio. Ndani mlikuwa na magauni ya mwanamke, na koti la kazi la mtu wa reli, vifungo vyake vya shaba vimesuguliwa. Mfukoni mwa koti tulikuta kadi ya kliniki ya Mulago yenye jina la mwanamke, na chini yake: Nsambya, nyumba za reli.

Mwalimu aliisoma kadi. "Siku zote hizi nimelala nikiwalaani walio na vitu vyangu," akasema. "Sasa kuna mtu anayenilaani mimi."

Tukaazimia kulirudisha. Kulichukua kabati lile hakukuwa kosa. Kulirudisha ndiko kulikotisha. Raia atakayepita barabarani na kabati ataulizwa amelitoa wapi, na hakukuwa na jibu zuri. Tulimwita sajini. Alikuna kichwa.

"Hii kazi iko hatari kuliko kuiba," alisema. Lakini Jumamosi asubuhi alikuja amevaa sare iliyopigwa pasi, tukaliinua kabati kwenye pikapu ya jirani muuza matoke. Sajini akakaa mbele na dereva, mimi, mwalimu na mzee nyuma, tumelishikilia.

Kwenye kizuizi askari mmoja alitusimamisha.

"Imeibwa?"

"Hapana, afande," sajini alijibu. "Inarudishwa."

Askari alikunja uso. Neno hilo lilimtatiza. Alizunguka pikapu, akaligonga kabati kwa kiganja, akauliza inarudishwa kwa amri ya nani. Nilimpa barua niliyoiandika usiku uliopita: kabati linahamishwa kwa uhifadhi. Uso wake ukakunjuka. "Kumbe," akasema, na akatufungulia njia.

Nyumba tuliipata kwa kuulizia. Alitoka mwanamke wa makamo, mwembamba, mikono ina povu la sabuni. Aliliona kabati kwenye pikapu akasimama palepale. Nilianza kumweleza, nikajikwaa, nikaanza tena. Hakulitazama kabati. Alitazama ndani ya pikapu, pembeni ya kabati, kisha nyuma yake, kisha sajini.

"Na yeye?" aliuliza.

Hatukuelewa.

"Mume wangu. Walimchukua siku ile ile ya kabati, kwenye lori hilo hilo. Nikaona kabati, nikadhani mmekuja na habari yake."

Sajini alivua kofia. Tuliliingiza kabati ndani, na kwa mara ya pili katika maisha yangu nilibeba samani bila kuinua macho. Mwanamke alilitoa koti la reli, akalikung'uta, akalitundika kwenye msumari karibu na mlango. Halafu akauliza tulifanyaje hata vitu vikarudi, na mwalimu, bila kufikiri, akamwambia kwamba ni ripoti aliyoiandika huyu mama.

"Basi na yeye mwandikie," aliniambia.

Nilimweleza kwamba ilikuwa bahati tu, na kwamba mtu si kochi. Alikwisha leta karatasi na kalamu. Nikaandika. Niliandika kwamba mfanyakazi wa reli alihamishwa na wanajeshi wetu kwa uhifadhi, kwamba mkewe anashukuru, na anaomba kujulishwa mahali pa kumchukua. Neno anashukuru nililikata, kisha nikaliandika tena. Sajini aliichukua aipeleke kituoni.

Siku tisa zikapita ndipo alipokuja kwangu, hakukaa.

"Mkubwa amesoma," alisema. "Anasema hiyo barua imeandikwa vizuri sana. Ameuliza nani ameandika."

"Ukamwambia nini?"

"Nimesema sijui. Mama, kaa kidogo bila kuandika."

Mwezi huo huo alihamishiwa kituo cha mbali, na hakuna mwingine aliyekuja kuchukua ripoti za Ijumaa. Kamati haikuvunjwa, iliacha tu kukutana. Kule Nsambya niliendelea kwenda, nikimpelekea yule mwanamke kazi ndogo ndogo za kudarizi. Kila nilipoingia aliniuliza kama jibu limekuja, nami nilimwambia bado, mpaka mwaka ule serikali ya wanajeshi ilipoanguka, na mimi na watu wangu, tuliohesabiwa kuwa wajomba zake, tukalazimika kuihama Kampala.