Rangi Nilizozitafsiri

Kwa miaka mingi nilikuwa mtafsiri wa parokia. Padri mgeni akisema sentensi kwa Kifaransa, mimi kando yake niliitoa kwa Kiswahili kabla haijapoa. Watu walinisifu kwamba nikitafsiri mimi, hata ukimya wa padri unaeleweka. Sifa hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mwaka jana binti yangu alionyesha video yake katika ukumbi wa parokia. Haikuwa na watu wala maneno. Alikuwa amepiga picha za mwanga juu ya ziwa, akaisogeza kamera karibu mno, akazipunguza mwendo hadi zikabaki rangi tupu: nyekundu ikimezwa na kijani, halafu weusi, halafu weupe unaotetemeka. Sauti ilikuwa ya mvua juu ya mabati. Nyumbani nilikuwa nimemuuliza maana yake. Akanijibu kwamba haisemi kitu. Inamwachia kila mtu macho yake.

Ukumbi ulivumilia kidogo. Kisha kijana mmoja akauliza kutoka nyuma, "Hii iko filme, ao ni kura inasumbua?"

Watu wakacheka, maana kwetu kura, yaani umeme, husumbua kila siku. Nikaona aibu, tena si kwa ajili ya binti yangu. Niliona aibu kuwa baba wa kitu kisichoeleweka. Nikaenda kusimama kando ya picha, kama nilivyozoea kusimama kando ya padri, nikaanza.

Nikasema nyekundu ni udongo ulioporomoka Bunyakiri siku mama yake alipofia shambani. Kijani ni mihogo aliyokuwa akipalilia. Weusi ni kilio chetu, weupe ni roho yake ikipanda. Kicheko kilikatika. Wanawake wakafuta machozi. Makofi yalipopigwa nilimtazama binti yangu: alikuwa anakunja waya za spika, na picha bado inaendelea.

Njiani nilimwambia kwamba sasa wameelewa. Hakunigombeza.

"Papa," akasema, "mama nilimulilia miaka hii yote, na sikuonyesha mutu. Ile haikuwa yeye. Sasa iko yeye."

Nilianza kupita kwa watu kuwaambia kwamba maana zile za rangi nilizibuni. Walisifu unyenyekevu wangu. Jirani yetu hapa Muhumba, mama anayeuza sambaza, alinisikiliza huku akigeuza samaki wake juani. Akaniambia kwamba kabla sijasimama alikuwa ameona, ndani ya ule wekundu, kitenge ambacho mama yake alimbebea mgongoni. Alikuwa amekisahau tangu utoto. Niliposema udongo, kikawa udongo.

Nikamsihi akitafute tena, kwa kuwa udongo haukuwamo.

"Nilishakitafuta, muzee. Imekataa kurudi. Lakini ulisema vizuri."

Katika mahubiri, ukikosea sentensi moja unairekebisha katika inayofuata. Hapa sikupata inayofuata. Vijana wa mtaa mwingine walimwomba binti yangu awaletee ile "filme ya mama". Akakataa.

Juma lililopita nilimwomba anionyeshe mimi peke yangu, nikaahidi kunyamaza. Akaiwasha kwenye kompyuta yake mezani. Nilinyamaza kweli. Nilijitahidi kuona rangi tu, lakini kila nyekundu ilipokuja, mke wangu alikuwa chini yake.

Ilipokwisha akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia ukweli. Akaifunga mashine, akachukua bidoni, akaenda kuteka maji.